Daftari Lako Lililo Mikononi mwa Wengine

Hapana herufi tatu zinazotajwa kwa hofu katika mabaraza ya Mombasa na masoko ya Nairobi siku hizi kama CRB, na aghalabu huzitaja watu ambao hawajapata kukiona kwa macho yao kile kinachowatia hofu. Mtu husema, "Nimewekwa CRB," kwa sauti ile ile ambayo wazee wetu walisimulia habari za kutiwa kifungoni, na anayemsikiliza humpa pole kama apewavyo mfiwa, kisha wote wawili huachana bila hata mmoja kujua ni nini hasa kilichoandikwa, kimeandikwa na nani, lini, na kama ni kweli au ni ghalati. Makala haya nayaandika kwa ajili ya watu hao wawili, na kwa ajili ya kijana ambaye bado hajakopa lakini iko siku atakopa.

Dhana ya kwanza inayostahili kuondolewa ni ile ya kuwa CRB (Credit Reference Bureau), yaani daftari la habari za wakopaji, ni la wakosaji peke yao. Kila aliyepata kukopa benki, au katika taasisi ya mikopo midogo yenye leseni, au kwa simu yake kupitia huduma inayoendeshwa na benki, amekwisha kuandikwa humo, awe alilipa kabla ya wakati, awe alichelewa, awe bado analipa. Ni kweli kwamba zamani hali ilikuwa vingine, kwani kanuni za Kenya za mwaka 2008 zilianza kwa kuziagiza benki zipashane habari za madeni mabovu tu, na kwa hiyo jina la mtu likionekana humo lilikuwa dalili ya taksiri; lakini kanuni za mwaka 2013 ziliingiza na habari njema, na zile za mwaka 2020, zilizochukua mahali pake, zimeendelea na mwendo huo huo. Yule anayeapa kwamba hayumo CRB kwa kuwa hajapata kushindwa kulipa, yumo, na ni heri yake kuwamo, maana wema wake nao umeandikwa. Lugha ya watu haikuyafuata mabadiliko hayo. Imebaki pale ilipokuwa mwaka 2010, wakati kampuni ya kwanza ilipopewa leseni ya kulitunza daftari hilo.

Kampuni zenyewe nchini Kenya ni tatu, nazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Si idara za serikali, ijapokuwa Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayozipa leseni na kuzisimamia, na wala hazikopeshi, hazidai, hazihukumu. Shughuli yao ni kupokea yale ambayo wakopeshaji wanasema juu ya wakopaji wao, kuyapanga chini ya nambari ya kitambulisho cha kila mtu, na kuyatoa kwa mkopeshaji mwingine anapokuja kuuliza. (Ndugu zetu wa Tanzania wana mpango wa jamaa moja na huu, uliowekwa na kanuni za mwaka 2012 chini ya Benki Kuu yao, na mengi nitakayosema yatawafaa, ila miaka na viwango nitakavyovitaja ni vya Kenya.) Kwa hiyo ripoti hiyo ni shahada: ni maneno ya watu wengine juu yako, yaliyosemwa nawe hupo. Na shahada, hata ikitoka kwa mtu mwadilifu, yaweza kuwa na kosa, tena kosa lake haliwezi kuonekana na yeyote upesi kuliko yule anayeshuhudiwa. Kadhi hakubali ushahidi juu ya mtu aliye mjini bila ya mtu huyo kuitwa akausikia. Sisi tunakubali kila siku, kwa ajizi tu, maana mlango wa kuusikia uko wazi: kila mtu ana haki ya kupewa ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na kampuni hizo huitoa kwa simu, kwa tovuti zao, au kwa kufika ofisini na kitambulisho mkononi.

Ukiipata, usiisome kwa haraka ya kutafuta tarakimu ile kubwa iliyo juu. Anza na jina lako, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari za simu na anwani, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Tarakimu moja ya kitambulisho ikipotoka, deni la mtu wa Kakamega humwangukia mtu wa Kilifi. Kisha soma hesabu moja moja. Kila mkopo huwa na jina la mkopeshaji, tarehe ulipofunguliwa, kiasi kilichokopwa, kiasi kilichobaki, rejesho la kila mwezi, na idadi ya siku ambazo malipo yamechelewa, na hizo siku ndizo roho ya ripoti nzima, maana deni likipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa bovu, na hapo ndipo habari yako hugeuka kuwa habari mbaya. Tazama pia kama kuna hundi iliyorudi kwa kukosa fedha, kwani nayo huandikwa. Tazama dhamana ulizowatilia wengine saini. Tazama, mwisho, orodha ya wakopeshaji waliouliza habari zako, na kama yumo ambaye hukupata kumwomba kitu, hilo ni jambo la kulifuatia siku hiyo hiyo, kwani yawezekana mtu mwingine anaomba kwa jina lako.

Mambo haya sikuyajua kwa kusoma. Nilikwenda kuomba shilingi 300,000 kwenye benki ambayo sitaitaja, ili nitengeneze paa la nyumba aliyotuachia marehemu baba katika Mji wa Kale, na nia yangu ilikuwa fundi aezue na aezeke upya kabla masika hayajaingia. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na akiba, na sikuwa na deni, au nilivyodhani mimi. Siku ya nne nikaambiwa ombi limekataliwa kwa sababu ya CRB. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, na kwa muda wa wiki tatu sikumwambia mtu, nikiona haya kwa kosa ambalo hata sikulijua. Nilipojikaza nikaitaka ripoti, niliona mkopo wa zamani niliokwisha kuulipa katika benki nyingine, umeandikwa kuwa una baki ya shilingi 1,340 iliyochelewa zaidi ya mwaka. Rejesho la mwisho nililipeleka kwa mkono wangu na risiti ninayo. Kilichotokea ni kwamba baada ya rejesho hilo akaunti ilitozwa ada, na kwa kuwa haikufungwa, ada ikazaa ada, na deni la mtu asiye na habari likakua gizani. Notisi walinipelekea, kama kanuni zinavyotaka, kwa maana mkopeshaji hana budi kumwarifu mkopaji siku 30 kabla ya kupeleka jina lake. Lakini waliipeleka kwenye sanduku la posta na nambari ya simu nilizoziacha miaka mingi kabla, bila mimi kufikiri kuwaarifu. Kulisafisha jambo hilo kulichukua karibu miezi miwili, na masika hayakuningoja. Boriti mbili za mbele zilioza.

Nimelisimulia hilo kwa urefu kwa sababu nimekutana baadaye na watu wengi ambao kisa chao ni hicho hicho, wala si wale walioazimia kutolipa. Mwenye kulipa mkopo wake asiondoke kaunta kwa risiti ya rejesho la mwisho tu. Adai barua ya kumaliza deni, yenye kusema kwa maneno wazi kwamba hadaiwi chochote na kwamba akaunti ya mkopo imefungwa, na mwezi unaofuata aitake ripoti yake ahakikishe kwamba habari hiyo imefika. Na mtu akihama, au akibadili laini ya simu, benki iwe miongoni mwa wa mwanzo kuarifiwa, pamoja na ndugu na jamaa.

Sasa tuseme habari ya ile tarakimu ya juu, ambayo watu huiita alama. Kila kampuni ina njia yake ya kuihesabu. Ya Metropol, mathalani, huanzia 200 na kwisha 900, na kadiri ipandavyo ndivyo mkopaji anavyodhaniwa kuwa na uaminifu zaidi. Alama hiyo hutokana na mwenendo wa malipo, idadi ya madeni, umri wa historia yako, na mara ngapi umeomba mikopo kwa siku chache, kwani mwenye kuomba kwa wakopeshaji watano katika wiki moja huonekana kama mtu anayetapatapa. Lakini alama si hukumu. Benki Kuu imekwisha kusema kwamba habari mbaya peke yake isiwe sababu ya kumnyima mtu mkopo, na mkopeshaji anayekukatalia kwa ajili ya ripoti anapaswa kukuarifu hivyo na kukutajia kampuni iliyoitoa. Ulizia hilo kwa adabu na ulipate kwa maandishi.

Wengi hudhani kwamba athari ya ripoti ni kupewa au kunyimwa tu, wakasahau athari ya tatu, ambayo ni bei. Kuanzia mwaka 2016 hadi mwaka 2019 sheria ya Kenya iliweka mpaka wa riba, na katika muda huo benki, zikiwa haziwezi kumtoza mwenye shaka zaidi ya mwaminifu, ziliona afadhali kumnyima kabisa. Mpaka huo ulipoondolewa, mlango ulifunguka wa kila mtu kupewa riba kwa kadiri ya sifa yake. Chukua zile shilingi 300,000 nilizoziomba mimi, zilipwe kwa miaka 3 kwa rejesho sawa kila mwezi, riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki. Mwenye kupewa riba ya asilimia 13 atalipa kiasi cha shilingi 10,108 kwa mwezi, na mwenye kupewa asilimia 18 atalipa kiasi cha shilingi 10,846. Tofauti ya shilingi 738 kwa mwezi haishtui mtu, lakini hadi mwisho wa miaka 3 yule wa pili atakuwa ametoa karibu shilingi 26,500 zaidi kwa paa lile lile na boriti zile zile. Kwa hiyo mwenye ripoti njema asiikubali bei ya kwanza anayotajiwa, aiweke ripoti mezani, aseme, "Huu ndio mwenendo wangu, nipunguzieni."

Mikopo ya simu yataka maneno yake peke yake, kwa kuwa ndiko wanakoingilia wengi, hasa vijana. M-Shwari ilianza mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019, na katikati yake zikaota huduma chungu nzima, hata kukopa kukawa jambo la kubofya tu, bila kumtazama mtu usoni wala kutia saini. Wepesi huo umewatia watu katika ghafala ya kusahau kwamba nyuma ya bofyo hilo iko benki, na benki hiyo huandika. M-Shwari kwa miaka mingi imetoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani shilingi 75 kwa kila elfu, na kwa kiwango hicho anayekopa kila mwezi mwaka mzima huwa ametoa shilingi 900 kwa elfu ile ile. Nimeona pia wazazi wanaompa mtoto au mpwa laini yao akope, kwa huruma, wakidhani kwamba deni litakuwa la huyo mtoto. Deni ni la mwenye kitambulisho kilichosajili laini. Kuna mama ninayemjua huko Majengo aliyeshindwa kupata mkopo wa kuongeza mtaji wa biashara yake ya vitambaa kwa ajili ya shilingi 4,000 ambazo hakuzishika hata siku moja. Kanuni za mwaka 2020 zilileta nafuu kidogo, kwani zilikataza kumwandikia mtu habari mbaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na mwaka huo huo wakopeshaji wa programu za simu wasiosimamiwa na Benki Kuu waliondolewa katika idhini ya kupeleka majina. Lakini shilingi 1,000 ni mpaka wa chini sana, na hauwezi kumkinga mtu kwa muda mrefu.

Na dhamana? Katika vyama vyetu vya akiba na mikopo, ambako mwanachama hukopa aghalabu mara 3 ya akiba yake kwa kudhaminiwa na wenzake, kutia saini kumekuwa kama kuitika salamu: mwenzako akija na fomu, unaona haya kukataa. Mimi sisemi tuache kudhaminiana, maana wengi wetu tusingekuwa na nyumba wala elimu lau si saini za wenzetu. Nasema mdhamini aijue hesabu anayoingia, aandike mahali kiasi na tarehe ya mwisho, na kila baada ya miezi michache amwulize mkopaji, au chama chenyewe, malipo yamefika wapi. Deni la mwenzako likikwama ni lako kulilipa, na ukishindwa kulibeba, historia yake ni yako.

Ukiona kosa, lalamika kwa maandishi kwa kampuni iliyotoa ripoti au kwa mkopeshaji aliyepeleka habari, na ambatisha nakala za risiti, za taarifa ya benki, na za barua ya kumaliza deni kama unayo. Kampuni ina dhima ya kuiwekea habari hiyo alama ya kuwa inabishaniwa, kumwuliza mkopeshaji, na kuirekebisha ikithibitika kuwa si sahihi. Weka tarehe ya kila barua na jina la karani uliyemkabidhi. Mkopeshaji akishikilia neno lake nawe ukishikilia lako, omba maelezo yako mafupi yaambatishwe kwenye ripoti, ili kila atakayeisoma ausikie na upande wako. Njia hii huchosha, nayo yataka subira, lakini naisifu kwa kuwa nimeipita na imenifikisha.

Ama ikiwa deni ni la kweli, usikimbie simu. Nenda kwa mkopeshaji kabla siku 90 hazijatimia, ukamweleze hali ilivyo, umwombe akupangie upya malipo kwa kiasi unachoweza. Karani aliyekuona uso kwa uso ana la kuandika zaidi ya "hapatikani". Zikiwa siku zimepita, lipa hata hivyo, ukijua kwamba habari ya kuchelewa kwako itabaki katika ripoti kwa miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa, lakini itaandikwa kuwa imelipwa, na tofauti baina ya deni lililolipwa na lisilolipwa kila mkopeshaji huiona. Miaka hiyo 5 haianzi kuhesabiwa mpaka ulipe, na ndiyo maana kungoja ni hasara juu ya hasara. Mwezi wa Novemba mwaka 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa nafuu ambao kwa huo wenye madeni mabovu ya simu walisamehewa nusu wakilipa nusu iliyobaki. Naliwaona waliofaidika, na naliwaona walioipita nafasi hiyo kwa kuwa hawakujua hata wanadaiwa nini.

Hadhari pia na wale wanaojitangaza mitandaoni kwamba watakufutia jina kwa malipo. Hapana mtu wa nje awezaye kulifuta neno la kweli katika daftari hilo, na neno la uwongo huondolewa bure. Anayekuomba nambari ya kitambulisho na neno lako la siri kwa ajili hiyo, hakukusudia kukusaidia.

Nimeulizwa na baadhi ya jamaa zangu, watu wenye kujiepusha na riba kwa ajili ya dini yao, kama mambo haya yawahusu. Yawahusu. Benki za Kiislamu, zilizoanza kufunguliwa nchini mwaka 2008, ziko chini ya kanuni zile zile za Benki Kuu, na mwenye kununuliwa gari kwa mkataba wa murabaha, yaani wa kuuziwa kwa faida inayojulikana, akiacha kulipa ataandikwa sawa na mwenye mkopo wa riba, kwani kinachotazamwa ni ahadi na utekelezaji wake, jina la mkataba liwe liwalo. Na asiyepata kukopa kabisa, wala kwa njia hii wala kwa ile, ajue kwamba siku atakapohitaji atakuwa mgeni asiye na wa kumshuhudia, na pengine atatakiwa kuleta dhamana kubwa zaidi. Simshawishi akope asichohitaji. Ila kama ana hitaji dogo la kweli, chombo cha kazi au ada ya shule, basi kukopa kwa ajili yake na kulipa kwa tarehe zake kutamwandikia neno la kwanza.

Mimi siku hizi naitaka ripoti yangu kila mwezi wa Januari, naipiga chapa, naisoma mstari kwa mstari na kalamu mkononi, kisha naiweka katika sanduku la mvule alimokuwa marehemu baba akiweka hati za nyumba, pamoja na barua za kumaliza madeni na karatasi moja yenye majina ya niliowadhamini. Dini yetu ya Kiislamu inaamuru deni la maiti lilipwe kabla ya mirathi kugawanywa, na baba alipofariki tulikaa siku nyingi tukiuliza huku na huku ni nani aliyemwia na kwa kiasi gani. Wanangu wamekwisha kuonyeshwa sanduku liko wapi.